Barua ya Wazi kwa Dada Yangu Kuhusu Tarumbeta

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Nimesikia kwamba umemkatalia mpwa wangu kujiunga na bendi ya matarumbeta ya usharika, kwa kuwa yuko kidato cha pili na mtihani wa taifa umekaribia. Hofu yako naielewa, wala sitakudanganya kwamba tarumbeta litampandishia alama za hesabu. Nataka tu kukueleza nilichokipata mimi katika bendi hiyo, ambacho darasani sikukipata.

Tarumbeta lina vali tatu tu, yaani vitufe vya kubonyeza kwa vidole. Bila kubonyeza hata moja, mpigaji anaweza kutoa sauti kadhaa kwa kukaza au kulegeza midomo, na vali hazimwambii ni ipi itakayotoka. Asipoisikia kwanza kichwani, atapuliza nyingine, na kanisa zima litajua. Ndiyo maana mwalimu wetu hakuniruhusu kupuliza mstari wowote kabla sijauimba. Nilikasirika sana, kwa kuwa nilikuja kupiga, sikuja kuimba. Lakini mazoea yale ya kusikiliza kabla ya kutoa sauti ndiyo ninayoyatumia hadi leo kila ninapoketi kwenye kikao kigumu.

Bendi zetu zimerithi desturi ya Walutheri wa Ujerumani ya kupiga nyimbo za kanisa kwa sauti nne, na mimi nilipangiwa ya tatu. Sauti ya tatu, dada, mara nyingi haina utamu wake peke yake: unashikilia nota ileile huku ya kwanza ikipanda na kusifiwa. Katika nyimbo za maandamano nilikaa kimya vipimo vinane vya wimbo, nikivihesabu kwa kidole cha mguu ndani ya kiatu, maana ukiwahi au ukichelewa unawaharibia wote.

Nakumbuka alfajiri moja ya Pasaka, makaburini, baridi imetushika. Vyombo vya shaba vikipoa sauti yake hushuka, kwa hiyo tulisimama gizani tukivipulizia pumzi ya moto bila mlio, wazee na watoto pamoja, mpaka tukalingana. Nilikuwa na miaka 14, na aliyesimama kando yangu, fundi seremala mwenye mvi, aliniuliza mimi kama sauti yake imekaa sawa.

Mazoezi ni jioni mbili kwa wiki. Tarumbeta langu la zamani liko kabatini kwa mama. Vali ya pili inakwama kidogo, inahitaji mafuta tu. Naomba umruhusu akalichukue Jumamosi hii.

Mdogo wako akupendaye.