Msinunue vitabu kabla ya kumpima mtoto

Mhariri,

Wazazi wengi wanaoanza kusomeshea watoto nyumbani hapa Kenya hukimbilia kununua vitabu vya mwaka mzima. Naomba wasubiri. Mpimeni mtoto kwanza, somo kwa somo. Aliyetoka darasa la tano anaweza kusoma vizuri na bado asijue sehemu katika hesabu: atakuandikia kuwa nusu na robo ni robo tatu, lakini mpe chapati aikate akuonyeshe, akwame. Huyo arudishwe nyuma kwenye hesabu tu, si masomo yote.

Mfumo wa ACE (Accelerated Christian Education), mtaala wa Kikristo wa kujisomea, una vijitabu 12 kwa kila somo kwa mwaka, na mtoto hasongi mbele bila kupata asilimia 80 kwenye jaribio. Unamfaa anayeweza kujisomea. Tatizo huanza pale anapojisahihishia bila usimamizi: hunakili majibu, kisha jaribio humuumbua.

Wanaolenga IGCSE ya Cambridge, mtihani wa kimataifa wa sekondari, waanzie mwisho, yaani kwenye mtihani wenyewe. Tafuteni kituo cha mtihani kinachopokea watahiniwa wa nje, yaani wasiosoma hapo, walau mwaka mmoja kabla ya mtihani, muulize ada na tarehe ya mwisho ya kujisajili. Kwa biolojia, kemia na fizikia, ulizeni kama kituo kinatoa karatasi ya 6, inayofanywa kwa maandishi badala ya maabara. Epukeni masomo yenye kazi ya mradi, kwa kuwa lazima mwalimu wa kituo aisimamie na kuithibitisha. Wengi hugundua haya wakati ada ya vitabu imeshalipwa.

Mzazi na mwalimu wa nyumbani,
Nakuru