Meno ya furu na historia ya Ziwa Victoria

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala yenu ya hivi karibuni kuhusu mabaki ya samaki yaliyopatikana kwenye tope la Ziwa Victoria, na ninawapongeza kwa kuipa nafasi habari ambayo kwa kawaida huishia katika majarida ya wataalamu. Hata hivyo, makala hiyo ilidai kwamba kila jino lililookotwa hutaja aina ya samaki aliyekuwa nalo, na kwamba furu, wale samaki wadogo wa aina nyingi wa ziwa hilo, walilitawala ziwa kwa sababu walitangulia kufika. Madai yote mawili yanapingana na utafiti wenyewe.

Utafiti huo, ulioongozwa na Nare Ngoepe akishirikiana na wenzake wakiwemo wa Tanzania, ulichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023. Walitoa tope kutoka sakafu ya ziwa kwa mabomba marefu, kuanzia karibu na ufukwe hadi kwenye kina, na katika tope hilo, lililojikusanya tabaka kwa tabaka tangu ziwa lilipoanza kujaa upya takriban miaka 16,000 iliyopita baada ya kukauka, wakapata maelfu ya meno, mengi yakiwa madogo mno kuonekana vizuri bila hadubini. Samaki hung'oka meno na kuota mengine maisha yake yote, na sehemu ya nje ya jino ni ngumu kuliko mfupa. Ndiyo maana meno yamesalia pale ambapo mizoga imekwisha kuoza. Yanaonyesha kwamba furu, jamii ya ngege (tilapia) na ukoo wa ningu waliingia ziwani karibu kwa wakati mmoja, na kwamba mwanzoni furu hawakuwa wengi kupita wenzao. Tofauti ilijitokeza baadaye, maji yalipopata kina: furu peke yao ndio waliodumu huko, wakati wengine, hata waliokuwa wamestawi, walishindwa. Kwa hiyo kilichowabeba ni uwezo wa kuishi katika mazingira ya namna nyingi, si kuwahi.

Kuhusu majina, meno hayo hutambulisha ukoo. Ni nadra yafike kwenye aina, na kwa furu, ambao ziwa hilo lilikuwa na zaidi ya aina 500, tahadhari hiyo si ndogo. Humphry Greenwood, mtaalamu wa samaki aliyewachunguza furu hao akiwa Jinja, Uganda, katika miaka ya 1950, alionyesha mwaka 1965 jambo ambalo kila anayesoma visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, angepaswa kulikumbuka. Furu aitwaye kitaalamu Astatoreochromis alluaudi ana taya la pili kooni, na ziwani, anakovunja konokono, taya hilo huwa nene na meno yake bapa kama magego. Samaki wa aina hiyohiyo waliokuzwa kwenye tangi kwa chakula laini walikuwa na taya jembamba na meno membamba. Mtu akiyakuta meno ya hao wawili kwenye tope bila kujua asili yake, angeweza kuapa kwamba ni aina mbili tofauti.

Jino la kale, basi, husomeka kwa kulilinganisha na meno ya samaki anayejulikana, aliyevuliwa mahali panapojulikana na ambaye tumboni mwake kulikutwa chakula kinachojulikana. Sehemu kubwa ya sampuli za namna hiyo iko London, alikofanya kazi Greenwood baada ya Jinja, na Leiden, Uholanzi, walikotoka watafiti waliofanya kazi Mwanza kuanzia mwaka 1977. Simlaumu aliyezipeleka, huko zimetunzwa, na baadhi ni za furu ambao hawajaonekana tena tangu sangara alipoongezeka miaka ya 1980 na maji kuzidi kuchafuka.

Ombi langu ni kwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na vyuo vikuu vya kanda ya ziwa. Mialoni kwetu furu hutundikwa kwenye ndoana kuwa chambo cha sangara, wala hakuna anayeuliza ni furu gani. Kwa gharama ya chupa, spiriti na kibandiko chenye tarehe na mahali alipovuliwa, wachache wao wangewekwa kando kila msimu, taya la kinywani na la kooni yakiwa yametolewa na kusafishwa, ili mwanafunzi wa Mwanza au Musoma anayetaka kusoma tope la ziwa lake asilazimike kwanza kuomba viza ya kwenda Ulaya.

Msomaji wenu,
Mwanza