YAH: Malalamiko kuhusu meseji yenu ya "nesi atakujibu hivi punde"

Ndugu zangu wa huduma kwa wateja, habari za kazi.

Mimi ni mzazi niliyejisajili kwenye huduma yenu ya kuwauliza manesi wa watoto kwa meseji, na naomba sana barua hii isomwe na mtu, maana na mashine yenu nishaongea vya kutosha.

Ukituma swali usiku au wikiendi unajibiwa hapo hapo "Asante mzazi, nesi atakujibu hivi punde". Hivi punde ipi jamani? Kichanga wangu alikuwa hajafikisha hata miezi mitatu, mwili unachemka, kipimajoto kinasoma 38.4, nikawatumia, nikajibiwa hivyo, basi nikakaa na simu mkononi nasubiri kwa sababu nyie ndo mmeniambia mtu anakuja. Jibu la nesi limeingia kesho yake asubuhi, tena zuri tu, linasema mtoto wa umri huo joto likifika 38 hakuna kusubiri, apelekwe hospitali muda huo huo. Sasa si ndo hapo! Aliyetuokoa usiku ule ni mama mkwe, alimshika mtoto tumboni tu akasema vaa twende. Alilazwa, akatibiwa, sahivi anaendelea vizuri, ila kwa hilo nyie hamna mchango wowote.

Manesi wenyewe siwalaumu hata kidogo. Mchana wanajibu vizuri na kwa upole, kuna mmoja alinielekeza namna ya kumweka mtoto kwenye ziwa akinyonya mpaka vidonda vikapona, na lile swali mimi kliniki mbele za watu nisingeuliza, aibu. Afu hata mwenye simu ya batani asiye na bando anaipata huduma hii. Ndo maana inaniuma, kitu kizuri kinaharibiwa na sentensi moja ya uongo iliyowekwa na mtu aliyeko ofisini ambaye saa nane usiku yeye kalala.

Kwahiyo hilo jibu la mashine libadilisheni. Liseme manesi wanakuwepo saa ngapi mpaka saa ngapi, liseme wazi kwamba sasa hivi hakuna anayesoma, na litaje dalili za kukimbilia hospitali bila kusubiri meseji ya mtu: mtoto hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida, na homa kwa hawa wachanga. Msiniambie haitaenea, najua meseji moja ni herufi 160, tumeni mbili, mbona yale matangazo yenu yanakuja matatu mfululizo?

Na kuhusu kuenea, meseji zenu zinakatika. Mkubwa wake alipoharisha nilitumiwa maelezo ya ORS na zinki, yakaishia "kidonge kimoja kila siku kwa siku", basi, kimya. Siku ngapi sasa? Duka la dawa ndo wakanimalizia sentensi, siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumeshakata. Kama mfumo unakata maneno, ufanyiwe majaribio kwenye simu ndogo kabla hamjatutumia sisi, dawa ya mtoto sio kitu cha kubahatisha.

Halafu kingine kidogo, acheni kuandika jina la mtoto na tatizo lake mwanzoni mwa meseji, simu inakaa mezani kila mtu anasoma.

Naomba mnijibu kwa maandishi mkinitajia tarehe ambayo jibu hilo la mashine litakuwa limebadilishwa. Nikiona kimya, malalamiko haya nitayafikisha kwa wanaosimamia huduma za afya, na picha za skrini zenye saa na tarehe ninazo zote.

Mzazi, namba iliyosajiliwa mnayo.