Aota inashonwa siku hizi, sisi ndio tunachelewa kufika

Mhariri,

Mimi ni fundi wa nguo hapa soko la Kibuye, Kisumu, nimekaa kwa cherehani miaka 22 na sijawahi kuandikia gazeti barua hata siku moja. Leo nimeona niandike kwa sababu kila nikisoma habari ya mtu kuanguka ghafla, jana alikuwa mzima leo hayuko, majirani wanasema ni kulogwa, wengine wanasema presha ilimpanda, halafu habari inaishia hapo. Hakuna anayetuambia kwamba baadhi ya hao waliuawa na mshipa mmoja unaoitwa aota, na huo mshipa madaktari wanajua kuushona tangu zamani, na kila miaka inavyokwenda wanaushona vizuri zaidi. Mimi nimejua kwa sababu ya kaka yangu mkubwa.

Kaka alikuwa dereva wa lori za miwa upande wa Muhoroni, ako na miaka 47. Presha alijua anayo, alipewa dawa akameza miezi michache, akajiona ako sawa akaacha. Usiku mmoja mwaka jana kama saa tano akashikwa na uchungu kifuani, akamwambia wifi yangu kwamba si kuchoma, ni kama kuna mtu anararua kitambaa ndani yake kutoka kifuani mpaka katikati ya mabega. Alisema kurarua. Nilipigiwa simu nikalisikia hilo neno kwa masikio yangu na mimi kazi yangu ni kitambaa, na bado sikuelewa. Walimpeleka hospitali moja, sitaitaja, wakamdunga sindano ya uchungu na kumpa dawa ya vidonda vya tumbo, wakasema ni gesi, saa kumi alfajiri akarudishwa nyumbani akiwa anatokwa na jasho.

Asubuhi mkono wake wa kushoto ukawa baridi. Tukampeleka hospitali nyingine, na hapo tukampata klinikal ofisa mmoja, msichana mdogo tu, nafikiri hajafika miaka 30. Akampima presha mkono wa kulia, ile ya juu ikasoma 178. Halafu akafungua ule mkanda akauhamisha mkono wa kushoto, ikasoma 112. Akarudia tena mikono yote miwili bila kusema kitu. Nilikuwa nimesimama hapo nikamwona uso umebadilika, akatoka nje mbio kuita daktari. Mhariri, ile dakika moja ya kuhamisha mkanda kutoka mkono huu kwenda ule ndiyo sababu kaka yangu ako hai, na hakuna mashine ya bei iliyotumika hapo.

Picha ya CT skani ikaonyesha aota imechanika. Aota ni ule mshipa mkubwa kabisa unaotoka kwa moyo, unapanda juu kidogo, unapinda kama mpini wa mwavuli halafu unashuka mpaka tumboni, na mishipa yote inayopeleka damu mwilini inatoka kwake. Ukuta wake uko na tabaka tatu. Daktari alijaribu kunieleza kwa maneno yake nikawa sishiki, mpaka nikamuuliza, ni kama bitana ya koti? Akasema ndiyo kabisa. Kama umewahi kuvaa koti ambalo bitana imefumuka pale kwa kwapa unajua vile mkono unakosa njia, badala ya kutokea kwa mkono wa koti unaingia katikati ya bitana na kitambaa cha nje na kadri unavyosukuma ndivyo unazidi kuifumua. Damu ndivyo inavyofanya. Inapata mpasuko mdogo kwa tabaka la ndani, inaingia katikati, na moyo unasukuma kila sekunde, kwa hivyo njia ya uongo inazidi kuwa refu na inafinya mishipa ya kwenda kwa ubongo, kwa mkono, kwa figo. Hiyo ndiyo ilikuwa baridi ya mkono wake. Na tabaka la nje peke yake haliwezi kuvumilia sana.

Vitabu vya udaktari vimesema miaka mingi kwamba mpasuko ukiwa sehemu ile ya juu karibu na moyo na mgonjwa asifanyiwe upasuaji, katika watu 100 kila saa inaenda na mmoja au wawili, hiyo ni kwa siku mbili za kwanza. Kwa hivyo nimezihesabu saa zetu. Tangu uchungu uanze mpaka mkono wa pili upimwe, saa 11. Kutafuta skani na mtu wa kuisoma, saa 6. Kutafuta ambulensi yenye muuguzi na kuchangisha pesa kwa grupu ya WhatsApp ya ukoo, saa 8. Barabara ya kwenda Nairobi, saa 6. Jumla ni saa 31. Alipofika, wale wapasuaji hawakupoteza muda, aliingizwa thieta karibu mara moja. Saa 31 ni zetu sisi, si za kisu.

Sasa hiyo kazi ya thieta ndiyo nataka watu wasikie, kwa sababu watu wa kwetu wakisikia kufunguliwa moyo wanaanza kuandaa mazishi kichwani. Walimuunganisha na mashine ya moyo na mapafu, ile inafanya kazi ya kusukuma na kusafisha damu wakati moyo umesimamishwa. Mashine ya namna hiyo ilifaulu mara ya kwanza kwa mtu mwaka 1953, Philadelphia, Marekani, daktari John Gibbon na mgonjwa msichana wa miaka 18. Halafu wakapoza mwili wake, kwa sababu mwili baridi unahitaji damu kidogo. Zamani walikuwa wanaupoza mpaka karibu nyuzi 18, wanasimamisha mzunguko wote wa damu na mpasuaji anashona akishindana na saa kabla ubongo haujaharibika. Siku hizi wengi hawapozi sana hivyo, wanapitisha damu kwa mshipa wa kwapa la kulia na inaendelea kwenda kwa ubongo wakati wao wanashona pale aota inapopinda. Daktari aliniambia hiyo peke yake imewapa nafasi ya kutulia na kushona kwa makini, na mtu yeyote aliyewahi kushonea mteja aliyesimama mlangoni anaelewa tofauti.

Sehemu iliyochanika walikata wakaweka mrija wa polista. Nilipomuuliza ni kitu gani akanitolea sampuli kwa droo, nikaishika. Kitambaa cheupe kimekunjwa vikunjo vidogo vidogo kama sketi ya marinda, kinavutika na kukunjika bila kujiziba, na kimefumwa karibu sana hata kucha haishiki uzi. Nilikaa na hicho kitu mkononi karibu dakika tano. Baadaye msichana wangu anayesomea uuguzi akanisomea kwamba miaka ya 1950 daktari Michael DeBakey kule Houston alienda dukani kutafuta nailoni akaambiwa imeisha, akanunua Dacron, aina ya polista, akarudi nyumbani akashona mirija ya kwanza kwa cherehani ya mke wake. Kushona alifundishwa na mama yake akiwa mtoto. Mhariri, nililia. Na huyo huyo DeBakey, Desemba 2005 akiwa na miaka 97, aota yake mwenyewe ikachanika, mwanzoni akakataa upasuaji, mwezi wa pili 2006 wakamfanyia ile kazi aliyosaidia kuianzisha, akapona akaishi mpaka Julai 2008.

Na valvu ya kaka, ule mlango wa moyo unaozuia damu kurudi nyuma, waliirudisha mahali pake, hawakuweka ya chuma. Hii si jambo dogo kwa mtu wa huku. Kutoka 1968 kuna upasuaji wa daktari Hugh Bentall wa kuweka mrija na valvu pamoja, umeokoa watu wengi sana, lakini valvu ikiwa ya chuma unameza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, mpaka kufa na damu lazima ipimwe kila mara, ikizidi unavuja, ikipungua inaganda. Mtu wa Nyando ama wa Ahero aende kupima damu kila mwezi na nauli atoe wapi. Mwaka 1992 daktari Tirone David wa Toronto, Kanada, akaonyesha vile unaweza kubadilisha mshipa na kubakisha valvu ya mgonjwa mwenyewe. Kwa nchi zenye maabara kila kona labda ni starehe tu, kwetu mimi naona ni tofauti ya kuishi na kufa mwaka wa tatu baada ya upasuaji.

Kwa aota ya chini, ile ya nyuma ya kifua na ya tumbo, mara nyingi hata kifua hakifunguliwi tena. Wanapitisha mrija wenye waya kupitia mshipa wa kinena, wanaufungulia ndani kama mwavuli. Daktari Volodos alifanya hivyo Kharkiv, Ukraine, 1987, daktari Parodi akafanya Buenos Aires, Argentina, 1990 kwa mshipa wa tumbo, na sasa ni kazi ya kawaida.

Je, watu wanapona? Kuna rejista ya kimataifa inaitwa IRAD ilianza 1996, inakusanya wagonjwa wa huu mpasuko kutoka hospitali kubwa za nchi nyingi. Kwa ule wa sehemu ya juu, miaka ya kwanza waliofanyiwa upasuaji wakafia hospitalini walikuwa 25 kwa 100, kufikia 2013 wakawa 18. Wale ambao hawakupasuliwa, zaidi ya nusu walikufa. Kumi na wanane bado ni wengi, sikatai. Lakini sikiliza hii: mshipa huo huo ukipatikana umefura kabla haujachanika, na ubadilishwe kwa mpango, mgonjwa amejiandaa, kwa mikono iliyozoea, wanaokufa ni wachache tu kwa 100. Kawaida wanapasua ukifika sentimita 5.5, na mapema zaidi kwa wenye ugonjwa wa kuzaliwa nao kama Marfan. Kitambaa ni kile kile, uzi ni ule ule, kilichobadilika ni siku ambayo umefika.

Kwa hivyo ombi langu liende kwa wakubwa wa afya wa kaunti zetu. Mwambieni kila muuguzi na kila klinikal ofisa kutoka Busia mpaka Nakuru, mtu akija na uchungu wa ghafla wa kifua ama mgongo, mkali tangu dakika ya kwanza, apimwe presha mikono yote miwili kabla ya kuambiwa ni gesi. Dawa za presha zisikose dispensari, maana tukikuta rafu tupu mara mbili ya tatu haturudi. Na skani za usiku ziwe na mtu wa kuzisoma. Eldoret wanafungua moyo, Tenwek kule Bomet wanafungua moyo, si lazima kila mtu afikirie India, lakini lazima kuwe na simu moja ambayo daktari wa Siaya anapiga saa nane usiku na kuambiwa leta hapa, badala ya familia kutafuta yenyewe kama sisi tulivyofanya.

Na kuna jambo la ndugu. Flo Hyman wa Marekani alikuwa mchezaji wa voliboli mkubwa sana, medali ya fedha ya Olimpiki 1984, na Januari 1986 akaanguka katikati ya mechi Japani akafa, aota ilichanika, alikuwa na Marfan bila kujua. Ndugu yake akapimwa baadaye, akapatikana nayo, akafanyiwa upasuaji kabla haijamchanikia. Madaktari wa kaka walituambia hivyo hivyo, ndugu wa tumbo moja na watoto wote wapimwe. Mimi nimepimwa, watoto wa kaka wamepimwa, tuko sawa. Kaka mwenyewe sasa ni miezi 14, anauza vipuri vya lori, anarudi skani kila mwaka kwa sababu sehemu ya chini bado ina njia mbili, presha ya juu hairuhusiwi kupita 130 na dawa hajaruka hata siku moja.

Amebaki ndugu yetu wa kati, ako Nakuru. Tumempigia simu mara nyingi, anasema yeye ni mzima na hana wakati. Lakini gazeti lenu analisoma kila siku pale kwa kinyozi wake, na ukurasa wa barua ndio anaanza nao. Kaka, ni mimi. Eko, kile kipimo cha picha ya moyo, ni dakika kama 40, unalala upande wa kushoto, wanakupaka mafuta baridi kifuani, hawakudungi sindano. Nenda wiki hii, nauli na pesa ya kupimwa nitatuma mimi.

Fundi cherehani,
Kibuye, Kisumu