Risala kwa mgeni rasmi, siku ya safari yetu ya Chesters

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu, wazazi na watoto wote, shikamooni na karibuni sana. Nasoma kwa niaba ya kikundi chetu cha familia zinazoongea Kiswahili hapa Newcastle.

Mheshimiwa, yale mabaki uliyoyaona asubuhi pale karibu na mto ni bafu la wanajeshi wa Kirumi, nje kidogo ya ngome ya Chesters ambayo wenyewe waliiita Cilurnum. Ngome hiyo ni ya Ukuta wa Hadrian, yaani ukuta wa mpakani wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, ulioanza kujengwa mwaka 122, na hapo ngomeni walikaa wapanda farasi kama 500, baadaye ikawa zamu ya kikosi cha Waasturia chenye asili ya kaskazini mwa Hispania, kwa hiyo hata wao mwanzo wao ni mbali na baridi hii hii inayotutesa sisi.

Watoto walitaka sana kujua walipataje joto bila gesi wala umeme. Basi ni hivi, sakafu iliinuliwa juu ya vinguzo vifupi, moto unakokwa kwenye tanuri pembeni, ile hewa ya moto inapita chini ya sakafu na kupanda ndani ya kuta, we unatoka chumba cha baridi unaingia cha vuguvugu mpaka cha moto kabisa, na sakafu ilikuwa inaunguza nyayo hadi Warumi wakavaa viatu vya mbao, yaani mitalawanda kabisa kama ya bibi zetu! Mama mmoja wa Unguja akasema kumbe ndo hamamu hii, na kasema kweli, maana hamamu za Waislamu zilirithi mambo mengi kwenye mabafu ya Kirumi, na ile ya Hamamni kule Unguja ya enzi za Sultan Barghash ni ya ukoo huo huo.

Kilichotugusa zaidi ni kuta bado zimesimama, nyingine zinampita mtu mzima, na chumba cha kuvulia nguo kina vishubaka saba vimepangwa safi mpaka leo wataalamu wanabishana vilikuwa vya nguo au vya sanamu. Vimepona kwa sababu bafu lilifukiwa na udongo mpaka likachimbwa miaka ya 1880, wakati huko kwingine mawe mengi ya Ukuta watu walishayabeba kujengea nyumba na makanisa. Bwana John Clayton, mwenye shamba lile, alinunua ardhi kipande kwa kipande ili wizi huo uishe, tunamshukuru sana.

Sasa lakini udongo hauko tena, mvua na barafu vinayapiga yale mawe kila mwaka, na leo watoto wetu wawili wamepanda ukutani kupiga selfi. Tumewashusha.

Kwa hiyo mheshimiwa tuna maombi mawili tu. Utusaidie kuchapisha karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, kuandika tutaandika wenyewe, na utuchangie nauli ya basi ili wale waliokosa nafasi leo nao waende kabla ya winta.

Naomba kuwasilisha.