Mwanangu, kabla hujakata hicho kitambaa

Mwanangu,

Habari za nyumbani utazisoma mbele, mimi nina jambo. Umesema kwenye simu kwamba mradi wenu wa chuo ni kushona nguo kwa vitambaa walivyochapa kina mama wa Kiaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, na Agosti zitaonyeshwa huko huko, mjini Darwin. Nimefurahi mno, hata wateja wasiouliza nimewatangazia. Lakini nilipokuuliza nani katoa ruhusa ya ile michoro, ukanijibu, "Mwalimu anajua."

Mwalimu anajua nini? Mkasi umeshika wewe.

Kakako kanisomea kesi ya John Bulun Bulun, mchoraji wa kabila la Waganalbingu kutoka Arnhem Land, kaskazini mwa Australia. Alichora bata bukini na mayungiyungi dimbwini. Kampuni ikaingiza Australia vitambaa vyenye mchoro ule bila kumuuliza. Mwaka 1998 Mahakama ya Shirikisho ikasema hakimiliki ni yake, ila naye ana wajibu kwa ukoo wake, asiutumie mchoro kinyume na mila zao. Umeona hapo? Mama aliyechora anaweza kukwambia "shona tu, binti," kumbe nyuma yake kuna wazee hawajaulizwa.

Kwa hiyo uliza. Mchoro ni wa nani, unasimulia nini, mkasi upite wapi. Wewe unapenda kubana kiuno. Ukikunja kitambaa pale, bata anabaki hana shingo, na mwenye mchoro atakaa mstari wa mbele akiangalia. Mwonyeshe kwanza kwa pini, kabla ya mkasi.

Na malipo yaandikwe: jina lake kwenye lebo, fungu lake kila nguo ikiuzwa. Inawezekana. Gorman, kampuni ya nguo ya Melbourne, walifanya hivyo 2019 na wachoraji wa kituo cha sanaa cha Mangkaja, mji wa Fitzroy Crossing, kwa leseni, kila mchoraji na jina lake. Wewe uliyefoka kuhusu kampuni ya mitindo ya Louis Vuitton kutumia shuka za Kimasai, leo unaniambia mwalimu anajua!

Mkono wako ni mzuri kuliko wangu, pindo zako hazivuti. Aliyekwambia ushoni si kazi ya msomi tunamjua, tuyaache hayo. Huko nako ule, usinywe chai tu.

Bibi yako miguu imevimba tena na chumvi hataki kupunguza. Wewe ndiye anayekusikiliza, mpigie. Hela uliyotuma nimenunulia Luku na mkanda wa cherehani, iliyobaki nimempa fundi wa bati, ambaye tangu aipokee hajaonekana.

Karatasi ya ruhusa ikisainiwa ipige picha unitumie. Nisipoiona nitakuuliza tena, na usichoke.

Halafu kakako kapata mteja wa kabati lako la vioo, anatoa laki na nusu. Jibu kabla ya Ijumaa, maana yule mteja ana haraka na kakako ana haraka kumshinda.

Mama yako