Mtufungie Mama Ngina asubuhi ya Jumapili

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niwaombe wakuu wa kaunti yetu ya Mombasa waifunge barabara ya Mama Ngina kwa magari Jumapili asubuhi, watoto waendeshe baiskeli, na pia nizungumze na wazazi wenzangu ambao wana baiskeli ndogo imeegemezwa nyuma ya mlango, inapigwa vumbi tu.

Ya kwetu ni nyekundu, inchi 16, ya mtumba. Binti yangu ana miaka sita. Siku fundi wa Majengo alipoyafungua yale magurudumu mawili ya pembeni, alijifuta mafuta mikononi akaniambia, "Ami, sasa huyu mtoto ataka njia, si baiskeli." Kumbe alinipa kazi ya mwaka mzima.

Tunakaa Tudor. Nikimtoa mtoto langoni, tuktuk hizi hapa, bodaboda nao wanakata kona kama wanaofukuzwa, na pale panapostahili kupita mtu kwa miguu pameegeshwa gari au pamepangwa ndoo za mtu za biashara. Mtoto wa umri huu hawezi kukadiria mwendo wa gari. Akiliona liko mbali, kwake liko mbali, basi. Mwezi uliopita alikuwa anajifunza kupiga kengele kwa kidole gumba. Akainama kuitazama hiyo kengele, na usukani ukafuata macho. Tuktuk ikafunga breki hatua mbili kutoka kwake. Dereva hakutukana. Alishuka, akamwinua, akampangusa magoti, akanitazama mimi, kisha akaenda zake. Heri angetukana.

Tangu siku hiyo nimezunguka mji huu nikitafuta mahali. Wengi huniambia niende Mji wa Kale, eti vichochoro havipitishi gari. Ni kweli havipitishi gari, lakini pikipiki hupita, tena huchomoka kwenye pembe ya ukuta bila hata honi. Tulijaribu pia bustani moja ya watu wote, ambayo sitaitaja. Askari akatuzuia: "Baiskeli haziruhusiwi, mzee." Nyuma yake pikipiki imeegeshwa juu ya majani. Sikubishana naye.

Ufuo ndio ulionifunza mengi, na haya nawaandikia wazazi. Kuanzia Nyali kwenda Bamburi, maji yakipwa, mchanga uliobaki unyevu huwa mgumu kama sakafu na hata gurudumu jembamba halizami. Lakini sharti uujue mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, bahari yetu hupwa sana, na kupwa kwenyewe huangukia mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Ukifika saa tatu utakuta uwanja mpana, na ukiondoka kabla ya adhuhuri jua halijawachoma watoto. Siku hizo hizo ukija saa kumi jioni utakuta maji yamejaa na ufuo haupo. Halafu kuna upepo. Msimu wa kusi, anza kwa kuelekea kusini, upepo ukupige usoni wakati mtoto bado ana nguvu, kisha ukusukume mkirudi. Sisi tulifanya kinyume chake. Tulikwenda tukicheka, tukarudi nimebeba baiskeli begani na mtoto nimemshika mkono, analia kwamba upepo unamvuta nyuma. Ukikutana na ngamia wa ufuo wa Pirates, pisha wewe, yeye hapishi. Na mkifika nyumbani osheni cheni kwa maji baridi, si yale ya kisima cha chumvi, mkaushe na mpake mafuta siku hiyo hiyo. Ukilala nayo imekula kutu.

Ila pa kupendeza kuliko pote ni msituni Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu la matumbawe lililochimbwa likaachwa wazi chini ya jua. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti. Mingi ilikataa, mivinje ikakubali. Majani yake makavu yalikuwa yakilundikana tu bila kuoza, hadi walipoletwa majongoo wakayala, na kinyesi chao ndicho kilichogeuka udongo. Leo chini ya mivinje hiyo zimekatwa njia za kutembea na kuendesha baiskeli, kivuli kitupu, na gurudumu likipita juu ya yale majani membamba husikii kitu. Binti yangu alisimama mara saba kuwapisha majongoo. Mdogo wake wa miaka minne, ambaye bado anasukuma kwa miguu, alimpisha mmoja tu kisha akataka kumpeleka nyumbani.

Sasa shida. Kutoka Tudor hadi Bamburi ni kuvuka daraja la Nyali, na siwezi kumpitisha mtoto wa miaka sita hapo kwa baiskeli, nikiwa na akili zangu. Kwa hiyo tunakodi tuktuk. Baiskeli mbili nyuma, gurudumu moja limetokeza nje kama mguu wa kuku kwenye tenga, mama watoto ameshika usukani usimchome dereva mgongoni. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, kiingilio cha watu wanne, maji, na hapo hakuna aliyekula. Mara moja kwa mwezi naweza. Jirani yangu mwenye watoto watano hawezi hata mara moja. Yaani kwetu, mtoto akitaka kukimbia magari, lazima kwanza umpandishe gari.

Na wakati huohuo, kisiwani kwetu, kuna barabara iliyonyooka, ina lami, ina mibuyu mikongwe ya kuleta kivuli na ina upepo wa bahari: barabara ya Mama Ngina, kutoka upande wa feri ya Likoni hadi Lighthouse. Serikali ilipakarabati pale pembezoni mwa bahari na kupafungua upya Oktoba 2019, na kila Mmombasa anajua jioni za wikendi palivyo, mihogo, madafu, kachiri na magari yaliyobanana. Jioni sizungumzii. Nazungumzia Jumapili asubuhi, saa kumi na mbili hadi saa tatu, wakati wauza mihogo wengi hata jiko hawajawasha na wanaopita ni wakimbiaji na wazee wa mazoezi. Saa hizo ifungwe kwa magari. Hatuombi pesa za ujenzi wala mkandarasi. Ni koni kadhaa na askari wa kaunti kila upande, basi. Waendao feri wana barabara ya Nyerere, hawatapungukiwa kitu.

Najua kuna watakaosema barabara haifungwi kwa ajili ya watoto kucheza. Mbona hufungwa kiongozi akipita, tena siku ya kazi, na sote tukasubiri na jua letu? Kigali walianza mwaka 2016 kufunga barabara zao kwa magari Jumapili moja ya mwezi, baadaye wakazidisha zikawa mbili. Bogotá kule Colombia wamekuwa wakifunga tangu miaka ya sabini, kila Jumapili, kilomita zaidi ya mia moja. Sisi tunaomba kipande kimoja, kwa muda wa saa tatu tu.

Kwa mtoto kipande hicho chatosha kabisa. Mtoto wa miaka sita hahitaji kilomita ishirini. Anahitaji mahali ataenda na kurudi, aende na kurudi tena, pasiwe na kona ya kumshtua, na pawe na kitu cha kumsimamisha akichoka. Pale mlangoni mwa bandari ya Kilindini meli hupita karibu mpaka unasoma jina lake. Wangu angesimama kwa kila meli, na mimi ningepumzika.

Wakuu wa kaunti wajaribu Jumapili nne tu, kisha wahesabu wenyewe baiskeli. Kama ni askari wamepungua, mimi niko tayari kuja na kiti changu cha plastiki na thamosi ya kahawa nikae kwenye koni za upande wa feri. Wa upande wa Lighthouse apatikane mzazi mwingine.

Baba wa wawili,
Tudor, Mombasa